Mafuta Kwanza, Msasa Baadaye: Namna ya Kusafisha Gari Kuukuu Kabla ya Kulipiga Rangi

Wiki haipiti bila mtu kunipigia simu na swali lilelile. Amenunua Land Rover kuukuu huko Masasi, au Hilux iliyochoka kubeba samaki hapa Mtwara, anataka kuipiga rangi, na anaanza hivi: "Fundi, nianze na msasa namba ngapi?" Mwingine anauliza kama petroli inafaa kuoshea injini. Wengine, na hawa ndio wanaonihuzunisha, wanapiga simu rangi ikiwa imeshaanza kubanduka, wanataka kujua ni duka gani linauza rangi nzuri zaidi. Rangi yao mara nyingi ilikuwa nzuri tu.

Msasa uweke kando kwanza. Ukipitisha msasa juu ya bodi yenye grisi, grisi haitoki. Unaisukuma iingie ndani ya mikwaruzo unayoichora mwenyewe, na ikishaingia humo kuitoa ni kazi ngumu. Rangi hushika chuma safi, praima safi (ile rangi ya msingi inayopigwa kwanza), au rangi ya zamani iliyo safi. Ikikuta mafuta inashika mafuta, na mafuta yenyewe hayajashika kitu.

Magari ya ukanda wetu yana uchafu wa aina yake. Mmiliki wa kwanza aliogopa kutu ya chumvi, akapaka oili chafu chini ya gari kila mwaka. Ni desturi ya siku nyingi na simlaumu mtu, lakini oili hiyo imenasa vumbi la barabara zote alizopita. Nikikwangua chesesi, yaani fremu ya chini, ya gari la namna hiyo naona matabaka kama ya keki: mchanga mweupe wa pwani, juu yake udongo mwekundu wa Newala, kisha oili tena, kisha mchanga tena. Kama gari lilibeba samaki, maji ya barafu yenye chumvi yalichuruzika kutoka kwenye bodi ya nyuma miaka yote. Na kama lilikuwa likioshwa barabarani, vijana wamelipaka ile dawa ya kung'arisha matairi, dashibodi na bampa. Ndani ya dawa nyingi za aina hiyo kuna silikoni, na silikoni ndiyo adui mkubwa wa fundi rangi.

Niliwahi kumpigia mzee mmoja pikapu yake rangi ya buluu. Niliiosha vizuri, nikaifuta vizuri, nikaiacha tayari kwa praima. Wakati nachanganya praima, kijana aliyekuwa akila samaki wa kukaanga aliegemea mlango kusalimiana na mwenzake. Sikumwona. Baada ya kama wiki tatu mzee akarudi, akanionyesha mlango wa kulia bila kusema neno. Chini ya kitasa rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kwa umbo la kiganja, vidole vyote vitano vikihesabika. Niliukwangua mlango mzima na kuurudia kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo gari likishafutwa, hakuna anayeligusa, hata mwenye gari.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kusanya vyote kwanza. Ukikatiza kazi katikati kwenda dukani, dizeli inakauka na vumbi, na unaanza upya.

- Dizeli lita 5 kwa gari dogo, lita 10 kwa Land Rover au lori dogo. Mafuta ya taa pia yanafanya kazi.
- Sabuni ya unga kilo 2 na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo lita 1 au 2, ile ya kawaida isiyo na vilainisho vya ngozi.
- Maji mengi. Bila bomba, andaa mapipa mawili ya lita 200.
- Dawa ya kufutia mafuta kabla ya rangi, inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Mafundi wengi huiita digrisa. Ukiikosa, thina safi lita 2 iliyofungwa kiwandani. Usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.
- Vikwanguo viwili: kisu cha chuma cha kupakia puti (ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi), na kipande cha mbao ngumu kilichochongwa bapa.
- Brashi ya waya, brashi za kupakia rangi za inchi 2 zilizokatwa nywele ziwe fupi na ngumu, na miswaki mitatu minne iliyokwisha kazi.
- Matambara meupe ya pamba, mengi kuliko unavyodhani. Shuka kuukuu moja likichanwa linatosha.
- Mifuko ya nailoni, tepu, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho.
- Debe au beseni pana la kukingia uchafu, na ndoo ya vumbi la mbao au mchanga mkavu.

Kuhusu matambara, kanga kuukuu inavutia maana kila nyumba ipo, lakini nyingine hutoa rangi zikikutana na thina, na rangi hiyo inahamia kwenye gari. Kitambaa kipya nacho kina wanga wa dukani, kifue kwanza. Usitumie kitambaa kilichofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo nayo huacha utando.

Petroli hapana

Naandika hili peke yake ili asilikose mtu. Usioshe gari kwa petroli. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali kuliko tutakayoiona Mtwara maishani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoweki juu. Unatambaa chini, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa la mama lishe jirani kabla hujaona chochote. Dizeli inahitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ndipo mvuke wake ushike moto kirahisi. Mafuta ya taa ni kama nyuzi 38, na boneti iliyoachwa juani saa saba mchana hupita kiwango hicho. Ndiyo maana mimi napendelea dizeli, na kazi naifanyia kivulini, injini ikiwa imepoa kabisa.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali na wakati. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa kukwangua na kuosha, lakini si kwa kufuta mara ya mwisho. Mwembe unadondosha utomvu, maua na mavi ya ndege. Panga kuhamishia gari kwenye banda. Miezi mizuri huku kusini ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Ila upepo wa kusi ukishika kasi alasiri unapeperusha mchanga, basi kazi za mwisho zifanye asubuhi, umande ukishakauka.

2. Fungua kila kinachofunguka. Bampa, taa, vitasa, vioo vya pembeni, nembo, raba za milango, madigadi kama bolti zinakubali. Kwenye maungio haya ndipo grisi na chumvi hujificha, na ndipo rangi huanzia kubanduka. Bolti zitie kwenye makopo na uandike kila kopo ni la wapi. Raba usiziache zikae na dizeli. Hulainika na kuvimba.

3. Toa betri na funika umeme. Anza kufungua waya wa hasi, ndipo wa chanya. Funika kwa nailoni na tepu altaneta, distribyuta, boksi la fyuzi, mdomo wa kabureta au njia ya hewa, na vifuniko vya oili ya breki na oili ya injini. Funika pia breki za magurudumu yote. Dizeli ikiingia kwenye leda za breki (sehemu zinazosuguana ili gari lisimame), gari litapendeza na halitasimama. Magari ya zamani huwa na vumbi la asbesto kwenye breki. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, lilowanishe na kulifuta kwa kitambaa utakachokitupa.

4. Kwangua pakavu kwanza. Hatua hii wanaoanza wote huiruka, na ndiyo inayookoa nusu ya kazi. Ukimwaga dizeli juu ya grisi nene ya sentimita mbili unapata tope linalotapakaa kila mahali. Ukiikwangua ikiwa kavu, inatoka kwa mabonge na kuangukia kwenye debe. Tumia kisu cha chuma kwenye chesesi, giaboksi na difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli). Tumia mbao kwenye aluminiamu, kwenye rangi unayotaka kuibakiza, na karibu na mipira. Pitia juu ya difu, nyuma ya springi, ndani ya matao ya magurudumu, na chini ya pampu ya oili ya usukani.

   Kama unaingia chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi za chuma au magogo mapana, zuia magurudumu, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Usilitumie.

5. Paka dizeli na uipe muda. Chovya brashi fupi, sugua sehemu moja kwa wakati mmoja: upande wa kulia wa injini, kisha kushoto, kisha ukuta wa nyuma ya injini, kisha chesesi kipande kwa kipande. Acha dakika 15 hadi 20. Rudi na mswaki kwenye kona na vichwa vya bolti, maana brashi kubwa inapita juu yake tu. Grisi iliyoungua karibu na egzosi inaweza kutaka kupakwa mara mbili au tatu. Usiipashe moto ili ilainike. Nimeona mtu akijaribu.

6. Weka sabuni juu ya dizeli kabla ya maji. Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika. Dizeli imeyeyusha grisi, lakini dizeli yenyewe ni mafuta. Ukimwaga maji sasa, yatateleza juu yake na kuacha utando mwembamba gari zima. Changanya sabuni ya unga na sabuni ya maji mpaka iwe uji mzito, uipake palepale penye dizeli bila kuongeza maji, usugue kwa brashi kama dakika tano. Ndipo umwage maji. Ukiona yanayotoka yamegeuka meupe mazito kama tui la nazi, sabuni imeyashika mafuta na inaondoka nayo. Yakitoka na mng'aro wa rangi za upinde wa mvua, mafuta bado yapo. Rudia uji wa sabuni.

   Watu huniuliza kuhusu kostiki soda. Kwenye chesesi ya chuma tupu inafanya kazi, lakini inaunguza ngozi na macho, na inakula aluminiamu. Bodi za Land Rover za zamani karibu zote ni aluminiamu, wakati chesesi na ukuta wa mbele wa kabini ni chuma. Jaribu na sumaku: isiposhika, weka kostiki mbali. Na aluminiamu usiisugue kwa brashi ya waya wa chuma. Vipande vidogo vya waya hubaki vimechoma ndani na baadaye huleta madoa ya kutu.

7. Suuza chumvi, si uchafu tu. Onja maji yako. Visima vingi karibu na bahari, Mikindani hata Lindi, vina maji ya chumvichumvi. Yanafaa kwa kusuuza mara ya kwanza na ya pili, lakini ya mwisho lazima yawe maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua. Chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu, na baada ya miezi kadhaa utaona malengelenge madogo madogo yenye kutu ndani.

   Ingiza bomba kwenye matundu ya chesesi na uache maji yatiririke mpaka yatoke safi. Gari la samaki linaweza kuchukua nusu saa kwa upande mmoja. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji ambavyo huwa vimezibwa na udongo. Vizibue kwa waya. Kama unatumia mashine ya presha, usilenge bearingi za magurudumu, mapezi ya rejeta wala soketi za waya. Na kichwa cha injini kikiwa cha moto kisimwagiwe maji baridi, kinaweza kupasuka.

8. Sasa osha bodi kwa nje. Ndoo mpya, maji mapya, sponji mpya. Sponji iliyogusa chesesi haigusi boneti. Anza na paa, shuka chini, na maliza na matao ya magurudumu. Matone ya lami kwenye milango yafute kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha sabuni palepale. Utomvu wa mkorosho au mwembe uloweshe kwa maji ya moto yenye sabuni kabla ya kuukwangua kwa mbao. Oili ya breki ikiwa imechuruzika mahali, iondoe kwa maji mengi na sabuni. Hiyo nyingi huchanganyika na maji, tofauti na oili ya injini, na ikiachwa inalainisha rangi.

   Zungukia sehemu zinazoguswa na mikono: kuzunguka vitasa, ukingo wa boneti, ukingo wa juu wa bodi ya nyuma ambapo abiria hushikilia. Zinaonekana safi na ndizo chafu kuliko zote. Mimi huziosha mara tatu.

9. Kausha kabisa. Futa maji kwa matambara, fungua milango na boneti, acha hewa ipite. Ukitumia kompresa, toa kwanza maji yaliyojikusanya kwenye tangi lake, kisha pulizia karatasi nyeupe kwa nusu dakika. Karatasi ikipata madoa, kompresa yako inatema oili, na ungekuwa unarudisha uchafu ulioutoa. Kwa unyevu wa hewa ya pwani, tangi linafaa kutolewa maji kila asubuhi.

   Sehemu zenye chuma kitupu zianze kukauka kabla ya nyingine. Karibu na bahari chuma kilichoachwa na maji hupata kutu ya rangi ya chungwa ndani ya saa chache.

10. Fanya jaribio la maji. Mwagia bodi kikombe cha maji safi na utazame kwa makini. Maji yakitanda kama karatasi na kubaki yametanda kwa nusu dakika hivi, hapo ni pasafi. Yakijikunja, yakakimbiana na kuwa matone, kuna mafuta au nta. Zungushia chaki na rudi hatua ya 6. Jaribu kila mlango, kila madigadi, paa, boneti. Mtu asiyefanya jaribio hili anaamini macho yake, na macho hayaoni utando wa silikoni.

11. Futa kwa matambara mawili. Hamishia gari bandani, likauke, vaa glavu safi. Tambara la kwanza liwe limelowa digrisa, la pili kavu. Lowesha eneo la kama urefu wa mkono mmoja, na kabla halijakauka lipitie na tambara kavu, ukifuta kuelekea upande mmoja. Digrisa huyainua mafuta tu. Tambara kavu ndilo linaloyachukua. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta yanakaa tena palepale. Geuza tambara kila mara, na likishatumika pande zote liweke mbali.

    Ukitumia thina badala ya digrisa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Thina kali hulainisha rangi ya zamani na kuikunja. Lowesha kidogo, futa haraka, usisugue. Fungua milango ya banda na usivute sigara.

12. Ndipo sasa uchukue msasa. Kwa rangi ya zamani iliyoshika vizuri, msasa wa maji namba 320 au 400 unatosha kuikwaruza. Penye kutu anza na namba 80, kisha panda kwenda namba za juu. Rangi za zamani nyingine zina risasi, basi tumia maji ili vumbi lisipae. Osha ute wa msasa, kausha, na urudie hatua ya 11 mara nyingine. Ndiyo, yote. Praima ipigwe siku hiyohiyo kwenye chuma kitupu, na kwenye aluminiamu tumia praima iliyotengenezwa kwa aluminiamu.

Mtu mmoja anayefanya mwenyewe atatumia siku mbili kwa gari dogo, tatu hadi nne kwa Land Rover iliyopakwa oili chafu miaka kumi. Wengi hushtuka. Mimi kazi ya rangi yenyewe naimaliza kwa siku moja. Siku zilizobaki zote ni usafi.

Mambo yakienda kombo

*Rangi inapopigwa inajitoboa vishimo vidogo vya duara, kama macho ya samaki.* Silikoni au oili. Acha kupiga, usiongeze rangi nzito ukidhani itafunika. Vishimo vitatokea tena juu yake. Acha ikauke kabisa, piga msasa, futa kwa matambara mawili mara mbili, kisha anza na mapigo membamba makavu. Kama vishimo vinatokea kila mahali kwa usawa, chunguza kompresa kabla ya kulaumu bodi. Na uliza kama jirani anang'arisha matairi. Dawa ya kupulizia husafiri kwa upepo na kutua kwenye kazi yako.

*Jaribio la maji linashindwa mahali palepale kila mara.* Huenda kuna ufa kwenye puti ya zamani iliyonyonya oili, au mshono wa bodi unaovuja mafuta kutoka ndani. Puti iliyonyonya mafuta haisafishiki. Ing'oe yote. Mshono upulizie digrisa, acha itoke, futa, rudia mpaka tambara litoke jeupe.

*Chuma kimepata wekundu baada ya kuosha.* Kutu nyepesi ya namna hiyo inatoka kwa msasa namba 180 na kufuta upya. Ila ikirudi kesho yake wakati gari limelala ndani na kavu, chumvi haijatoka. Suuza tena kwa maji ya bomba.

*Tambara linatoka na rangi ya gari.* Ikiwa ni kidogo na rangi ni kuukuu, ni unga wa rangi iliyokufa kwa jua. Endelea hadi ipungue. Ikiwa rangi inanata na kukunjamana, thina ni kali mno. Iache ipumzike hadi kesho, na sehemu iliyokunjamana uing'oe hadi chini.

*Gari bado linanuka dizeli baada ya siku mbili.* Kuna dizeli imelala ndani ya chesesi au chini ya mazulia. Rudi na maji ya moto yenye sabuni, suuza, acha matundu wazi juani. Usipige rangi mpaka harufu iishe.

*Injini haiwaki baada ya kuoshwa.* Maji kwenye kifuniko cha distribyuta au kwenye waya za plagi. Fungua, kausha kwa kitambaa, acha wazi saa moja. Usiendelee kupiga stata ukamaliza betri.

Uchafu uliotoka

Mabonge ya grisi na tope la dizeli usiyamwage mtaroni. Mitaro ya Mtwara na Lindi inaishia baharini, na samaki wanaovuliwa hapo ndio tunaowala. Mimi huchimba shimo dogo na kulitandika nailoni nene chini ya gari, nachota tope lote kwa kopo, nalitia kwenye debe lenye vumbi la mbao ili linyonye. Dizeli iliyokingwa safi kiasi iache itulie kwenye dumu usiku kucha. Udongo unazama, na ya juu unaweza kuitumia tena kwa kuoshea chesesi nyingine, kamwe si kwa bodi. Oili chafu iweke dumu lake. Seremala anayetaka kuzuia mchwa kwenye nguzo ataifuata mwenyewe ukimwambia ipo.

Matambara yenye thina na mafuta usiyarundike kwenye kona ya banda. Yaanike moja moja nje, mbali na moto, mpaka yakauke kabisa, ndipo uyatupe. Rundo lililobanwa lenye mafuta ya rangi linaweza kupata joto na kuwaka lenyewe usiku. Ndoo ya mchanga iache mlangoni mpaka siku gari linapotoka.